Jina Jema Halinunuliwi kwa Deni



Kukopa si dhambi, wala kukopesha si dhambi. Hapa Kigombe, kama ilivyo pwani yote kutoka Tanga hadi Pangani, maisha ya kila siku hayaendi pasipo kuaminiana. Mchuuzi wa samaki huchukua mali kauli asubuhi na kulipa jioni akirudi kutoka sokoni. Mfanyakazi wa mkonge huchukua unga na mafuta ya taa dukani akingoja mwisho wa mwezi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 29 ya kitabu chake, anatuagiza tumkopeshe jirani wakati wa shida yake, na anamwagiza jirani naye arudishe kwa wakati. Kisha anaeleza kwamba mtu atunzaye neno lake hatakosa msaada saa ya kuhitaji. Hivyo basi, jina jema la mkopaji ni jambo la kale, nalo limo katika Maandiko.

Jambo tunalotaka kulizungumza katika kijarida hiki ni jipya kidogo. Umeenea ushauri, hasa miongoni mwa vijana na akina mama wenye biashara ndogo, kwamba mtu akope kwa simu hata kama hana haja ya fedha, alipe, kisha akope tena, ili kiwango chake cha kukopa kipande na jina lake lionekane zuri kwa wakopeshaji. Wanaotoa ushauri huu hawana nia mbaya. Wamesikia kwamba katika nchi tajiri watu hujenga sifa zao kwa kutumia kadi ya mkopo, nao wanaona kwamba simu ndiyo kadi ya mtu wa kawaida.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tunaona kwamba shauku iliyomo katika ushauri huo ni ya haki, lakini njia inayoelekezwa ni ya hasara. Tunapenda kueleza kwa nini, kisha tuseme ni njia ipi iliyo bora zaidi, na ni wajibu upi unaotupasa sisi wenyewe kama Kanisa.

Jina jema ni haki ya maskini

Kwanza tuitetee shauku yenyewe. Kwa muda mrefu sana mtu maskini wa nchi hii hakuwa na jina mbele ya wenye fedha. Wakati wa utawala wa Kiingereza, sheria za Tanganyika ziliwekea mipaka ukopeshaji kwa Waafrika: mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika pasipo kibali cha ofisa wa serikali hakuweza kulidai deni hilo mahakamani. Ilielezwa kwamba lengo ni kumkinga mwenyeji asidhulumiwe. Hata hivyo, matokeo yake yalikuwa kwamba mkulima na mvuvi, hata wangekuwa waaminifu kiasi gani, walihesabiwa kuwa watu ambao neno lao halitoshi.

Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga walikuwa na kadi iliyoitwa kipande. Kila siku ya kazi iliwekewa alama, na ujira ulilipwa siku 30 za kazi zilipotimia. Kipande kilihesabu siku za mwili wa mtu. Hakikumshuhudia kwa benki wala kwa duka kwamba huyu ni mtu wa kuaminika.

Hata leo, mvuvi asiye na chombo humtegemea tajiri. Tajiri humpa fedha za nyavu na mafuta, na mvuvi hulazimika kumuuzia yeye samaki kwa bei anayoipanga yeye. Mvuvi huyo anaweza kulipa kwa uaminifu miaka 10, na bado uaminifu wake unajulikana na mtu mmoja tu. Siku akitaka kukopa mahali pengine ili anunue mtumbwi wake mwenyewe, hana ushahidi wa kuonyesha. Jina lake limefungwa katika daftari la tajiri.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuupuuza utaratibu wa taarifa za mikopo uliowekwa nchini. Mwaka 2012 zilitolewa kanuni chini ya Benki Kuu ya Tanzania kuhusu kampuni za taarifa za mikopo, na mwaka 2013 kampuni za kwanza zilipewa leseni. Kazi yake ni kukusanya kutoka kwenye mabenki na wakopeshaji wengine habari za nani amekopa, amelipa vipi, na nani amechelewa, ili mkopeshaji mwingine aweze kuzisoma kabla ya kutoa mkopo. Utaratibu huu ukitumika kwa haki, uaminifu wa mvuvi unaweza kutoka katika daftari la tajiri na kwenda naye popote. Kitabu cha Mithali, sura ya 22, kinaliweka jina jema juu ya mali nyingi. Maskini ana haki ya kuwa na jina hilo kwa maandishi.

Ushauri uliotoka ng'ambo

Sasa tuuangalie ushauri wenyewe. Huko Marekani, tangu mwaka 1989, wakopeshaji wengi hutumia alama iitwayo FICO, ambayo ni namba kati ya 300 na 850. Asilimia 35 ya alama hiyo hutokana na historia ya kulipa kwa wakati, na asilimia 30 hutokana na kiasi cha deni ambacho mtu anacho. Ndiyo maana watu wa kule hushauriana hivi: chukua kadi ya mkopo, nunua nayo vitu ambavyo ungevinunua hata hivyo, ulipe deni lote kila mwezi, na usikope karibu na ukomo uliowekewa.

Ushauri huo una maana kule kwa sababu moja kubwa: kwa kawaida mtu anayelipa deni lote la manunuzi ya mwezi kabla ya tarehe iliyopangwa hatozwi riba yoyote. Anajenga jina bila kulinunua. Asiyelipa lote ndiye anayetozwa, na katika miaka ya karibuni riba ya kadi nyingi imezidi asilimia 20 kwa mwaka.

Mkopo wa simu hauko hivyo. Huduma ya M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, na Timiza ikafuata mwaka huo huo, Watanzania wengi walipata mkopo kwa mara ya kwanza bila barua, bila mdhamini na bila safari ya kwenda mjini. Hilo ni jambo la kushukuru. Limewaokoa wengi usiku wa ugonjwa. Lakini katika mikopo mingi ya namna hii ada hutozwa tangu mwanzo. Ukirudisha baada ya siku 3 au baada ya siku 30, ada ni ile ile. Nayo mikopo inayojazia salio linapopungua hutoza kwa kila siku inayopita. Hakuna muda wa kukopa bure.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Mama mmoja anakopa shilingi 50,000 kwa siku 30, na ada ni 9 kwa mia. Atarudisha 54,500. Tuseme hakuwa na haja ya fedha hizo; alitaka kiwango chake kipande. Akifanya hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa ada ya shilingi 4,500 mara 12, yaani shilingi 54,000. Amelipa zaidi ya ule mkopo wenyewe, na mwisho wa mwaka hana wavu, hana kamba ya mwani, hana mtaji. Ana ruhusa ya kukopa zaidi. Kama angeziweka zile 4,500 kila mwezi katika kikundi chake, angekuwa na 54,000 zilizo zake, na daftari linaloonyesha kwamba hakukosa hata mwezi mmoja.

Tena ni lazima tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kiwango cha kukopa kinachoonekana kwenye simu ni hesabu ya kampuni ile ile. Hupandishwa na kushushwa kwa kanuni zake yenyewe, na mkopeshaji mwingine halazimiki kukiheshimu. Taarifa ya mkopaji ni kitu kingine: ni kumbukumbu ya malipo yako iliyoko katika kampuni ya taarifa za mikopo, nayo inaweza kusomwa na benki nyingine. Anayekopa mara kwa mara ili kupandisha kiwango anajenga kwenye kiwanja cha mwenzake. Na mwenye kiwanja anafurahi, kwa maana kila mkopo usio wa lazima humletea ada.

Siku 30 hazijui bamvua

Kuna hatari nyingine inayotuhusu hasa sisi watu wa pwani. Mkopo wa simu hupangwa kwa siku, lakini riziki yetu hupangwa na bahari. Pweza hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba ukaonekana. Kusi ikivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, ngalawa na mitumbwi midogo haiwezi kutoka kila siku. Mwani huhitaji takriban wiki 6 tangu kufungwa kambani hadi kuvunwa, na baada ya hapo kuna kuanika na kungoja mnunuzi. Mama anayekopa kwa siku 30 ili anunue kamba za mwani amekwisha kuwa mchelewaji kabla mwani wake haujakomaa. Hakudanganya wala hakutapanya. Kalenda ya mkopo haikumjua.

Mashine inayoandika taarifa haiulizi kwa nini. Inaandika kwamba amechelewa. Hivyo mtu aliyekopa ili ajenge jina anaweza kulibomoa kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu tu alichukua mkopo usiolingana na msimu wa kazi yake.

Ndugu zetu wa Kenya walitangulia katika njia hii, na inafaa tujifunze kwao. Huduma ya M-Shwari ilianza huko mwaka 2012, na baada yake programu za mikopo zikawa nyingi. Watu wengi mno wakaandikwa kuwa wadaiwa wabaya kwa fedha ndogo sana. Mwezi Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilizuia watu kuripotiwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000 za nchi hiyo, na ikawazuia wakopeshaji wa mitandaoni wasiosimamiwa kupeleka majina. Mwezi Novemba 2022 ukaanzishwa mpango wa kuwasafisha wakopaji wa simu zaidi ya milioni 4, ambapo mabenki yalitakiwa kusamehe angalau nusu ya madeni hayo. Serikali hailazimiki kusafisha majina ya mamilioni kama kosa ni la watu wachache wavivu. Hapo ni mkopo wenyewe uliokuwa na kasoro.

Mkopeshaji abaki nje ya mlango

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, imo sheria inayostahili kusomwa katika kila jumuiya. Anayemkopesha jirani yake haruhusiwi kuingia nyumbani mwake kuchukua rehani. Asimame nje, na mkopaji mwenyewe amletee. Wala haruhusiwi kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa hicho ndicho chombo cha uhai wa nyumba. Mungu hakukataza deni. Aliweka mpaka mlangoni, ili mdaiwa abaki na heshima yake.

Leo nyumba ya mtu iko pia ndani ya simu yake. Zipo programu za mikopo ambazo, mtu akizifungua tu, huomba ruhusa ya kusoma majina yote aliyoyahifadhi. Siku akichelewa kulipa, ujumbe hutumwa kwa mkwe wake, kwa mwajiri wake, hata kwa katekista wake, kumtangaza kuwa ni tapeli. Huko ni kuingia nyumbani mwa mtu na kumvua nguo mbele ya kijiji. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na ikawaonya wananchi wasizitumie. Pia tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023. Mwamini anayefanyiwa udhalilishaji huo asijifiche kwa aibu. Ahifadhi ujumbe aliotumiwa, na viongozi wamsindikize kwenye vyombo vya sheria.

Lakini haitoshi kuwalaumu wageni. Nabii asemaye ukweli huanzia nyumbani. Mikopo iitwayo kausha damu haitolewi na watu wa mbali peke yao. Wapo wakopeshaji wanaoshika kadi ya benki ya mwalimu au ya mfanyakazi, pamoja na namba yake ya siri, na mwisho wa mwezi wakaenda wao kutoa mshahara, wakajilipa kwanza, wakamwachia makombo. Kadi hiyo ndiyo jiwe la kusagia la siku hizi. Na inawezekana kabisa kwamba anayeishika ni mtu tunayeketi naye benchi moja kanisani. Nehemia, katika sura ya 5, aliposikia kilio cha watu walioweka rehani mashamba yao na hata watoto wao, hakuwakemea maadui wa nje. Aliwaita wakuu wa taifa lake mwenyewe, akawadai warudishe. Tunawaomba viongozi walei wote wajichunguze. Haifai mkono uleule upokee sadaka Jumapili na kushika kadi ya jirani Jumatatu.

Je, asiyekopa atajulikanaje?

Wako watakaotuuliza: kama mtu hakopi kamwe, benki itamjuaje? Je, hamtaki maskini akue? Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa mahubiri.

Tunajibu hivi. Hatusemi watu wasikope. Tunasema wakope kwa ajili ya haja halisi inayozaa au inayookoa, na malipo ya deni hilo ndiyo yajenge jina. Mvuvi anayekopa ili anunue wavu, akapanga kulipa katika msimu ambao samaki wapo, akamaliza siku aliyoahidi, amejenga jina kwa jambo moja la kweli kuliko anayekopa mara 12 bila sababu. Mkopo mmoja uliolipwa vizuri katika taasisi inayopeleka taarifa una uzito. Tena hakuna haja ya kukopa mahali 5 kwa wakati mmoja. Kukopa huku ili kulipa kule ni dalili ambayo mkopeshaji yeyote makini huiona na kuiogopa.

Pili, mtu ana haki ya kuiona taarifa yake na kuomba kosa lililomo lisahihishwe. Wengi wetu hatujui kama tumeandikwa vizuri au vibaya. Kabla ya kutafuta kupandisha jina, inafaa kulijua kwanza lilivyo. Aliyemaliza deni na adai uthibitisho wa maandishi, na aufuatilie mpaka kumbukumbu zake zisomeke kwamba amemaliza.

Tatu, kabla ya kukopa tuulize leseni na tuulize jumla yote itakayolipwa, si riba peke yake. Kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwenye kujua hilo anaweza kumuuliza mkopeshaji swali analostahili kuulizwa, hasa pale riba inapofichwa ndani ya ada za majina mengi.

Kanisa si geni katika jambo hili

Kanisa limehangaika na suala la riba kwa karne nyingi. Mwaka 1462, katika mji wa Perugia nchini Italia, ndugu Wafransisko walichochea kuanzishwa kwa nyumba ya rehani ya huruma, ambako maskini aliweza kukopa bila kuangukia mikononi mwa walanguzi. Wengine walipinga, wakisema hata ada ndogo ni riba. Mwaka 1515, wakati wa Mtaguso wa Tano wa Laterani, Papa Leo wa Kumi alikubali kwamba nyumba hizo zinaweza kutoza kiasi kidogo cha kulipia gharama za kuziendesha, pasipo kutafuta faida kutokana na shida ya mtu. Ndugu zetu Waislamu, walio wengi katika pwani hii, nao hufundishwa kuichukia riba. Katika jambo hili tunaweza kusimama pamoja nao kijijini bila shida yoyote.

Kipimo kile cha Perugia bado kinatufaa: ada ilipie kazi, isinyonye shida. Na chombo kinachotufaa tunacho tayari. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE na kuenea kwetu kwa jina la VICOBA, hukusanya akiba za wanachama wenyewe. Faida inayotokana na mikopo hurudi kwa wanachama haohao. Kikundi kinaweza kupanga marejesho yafuate bamvua na mavuno ya mwani, kwa sababu walioketi hapo wote wanaijua bahari. Mwanachama akifiwa au chombo kikivunjika, kikundi huuliza kwa nini kabla ya kuandika kwamba amechelewa.

Udhaifu wa vikundi vyetu ni huu: mara nyingi sifa anayoijenga mwanachama haitoki nje ya kile kisanduku cha kufuli tatu. Tiba yake ni kusajili na kuandika. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi vya kijamii kuwa daraja la nne la watoa huduma, pamoja na SACCOS zilizo daraja la tatu. Kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, daftari safi na akaunti ya benki, kina jina lake. Kinaweza pia kuomba mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mama aliyekuwa akilipa ada ya simu kila mwezi ili ajulikane anaweza kujulikana kwa njia hii bila kulipia.

Msamaha nao una mahali pake. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili, akiliandaa Kanisa kwa Jubilei ya mwaka 2000, aliomba madeni ya mataifa maskini yapunguzwe, na Tanzania ilipata nafuu kubwa ya deni lake la nje mwezi Novemba 2001. Tuliona kuwa ni haki taifa lipunguziwe mzigo ili lisimame tena. Basi tusiwe wagumu kwa jirani ambaye bahari imemnyima. Anayekuja mwenyewe kueleza kabla ya siku ya malipo, akaomba mpango mpya, ahesabiwe kuwa mwaminifu. Naye mkopaji asitumie huruma hiyo kama mlango wa kukimbilia, kwani asiyelipa hali anacho anamwibia maskini anayemfuata katika foleni.

Tunayopendekeza

Tunawaomba viongozi wa jumuiya na vigango wafanye mambo manne kabla mwaka haujaisha. Wasaidie kila kikundi cha akiba kilichomo katika eneo lao kipate usajili na daftari linalosomeka. Wamwalike ofisa wa maendeleo ya jamii aeleze mikopo ya halmashauri, na mtu mwenye ujuzi wa benki aeleze namna ya kuomba na kusoma taarifa ya mkopaji. Wamteue mtu mmoja mwenye busara na siri, ambaye mwamini aliyelemewa na madeni anaweza kumwendea bila kuona aibu. Na wakubaliane hadharani kwamba hakuna kiongozi wa walei atakayeshika kadi, namba ya siri wala kitambulisho cha mtu mwingine kuwa rehani.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika jumuiya yetu, ni mikopo ipi tuliyoichukua mwaka huu kwa sababu ya haja halisi, na ipi tuliichukua ili tu tuweze kukopa zaidi?

2. Tukijumlisha ada zote tulizolipa kwa simu katika miezi 3 iliyopita, zinafika kiasi gani? Kiasi hicho kingefanya nini kama kingebaki katika kikundi chetu?

3. Someni Kumbukumbu la Torati 24:6 na 24:10-13. Jiwe la kusagia la nyumba zetu leo ni kitu gani, na nani anakishika?

4. Je, yuko miongoni mwetu mtu mwaminifu ambaye wenye fedha hawamjui? Tufanye nini ili uaminifu wake uandikwe?